Siku ya mtu wa sauti: tunashuti filamu ya baba mgane Mwanza

Saa 11 alfajiri. Bado giza. Nakagua betri, nasafisha kadi za kurekodia, napanda bodaboda kwenda Kirumba. Mimi ni mtu wa sauti kwenye filamu ndogo inayomhusu mvuvi wa dagaa aliyefiwa na mke na kubaki na watoto wawili wa kiume. Leo Jumamosi, waigizaji wetu wadogo hawana shule, kwa hiyo kila kitu chao lazima kiishe leo.

Saa 12 na nusu. Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, umeshachangamka. "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, huku na huku, na mitumbwi inarudi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, na wavuvi wengi hupumzika. Ndipo ilipolalia hadithi yetu: baba huyu hulala nyumbani mwezi ukiwa mpevu tu. Usiku mwingine wote kaka wa miaka kumi na mdogo wake wanafunga mlango wenyewe. Mwandishi hakuhitaji jambazi wala mchawi, kalenda ya mwezi ilimtosha.

Tunamrekodi baba akiruka majini na kukimbilia nyumbani awahi kuwavalisha watoto. Kuna jamaa anatuuliza kibali. Dada wa uzalishaji anamtolea karatasi ya Bodi ya Filamu, imekunjwakunjwa lakini ipo.

Saa 3 asubuhi. Igogo, nyumba ya kupanga juu kwenye mawe. "Shikamoo mama." Mwenye nyumba anaitikia marahaba, kisha anauliza kama leo tena tutamzimia redio. Tutaizima. Bodaboda za kule chini sina la kuzifanya, ila asubuhi upepo bado umelala na hilo pekee ni neema.

Shoti ya leo ndiyo niliyokuwa naingojea. Baba anamnyoa mdogo uani. Mtoto kakaa kwenye kigoda, kitenge cha marehemu kimefungwa shingoni. Baba analikunja sikio kwa kidole gumba, anapitisha wembe nyuma yake polepole. Mtoto anauliza, "Baba, mama alikuwa anaanzia upande gani?" Baba hajibu. Anausuuza wembe kwenye kopo, anahamia upande wa pili.

Mkono wa mwigizaji ulitulia kabisa. Kwenye hedifoni nilisikia anavyovuta pumzi na kuibana, kitu ambacho aliyesimama hatua tatu kando asingekisikia. Mwongozaji akasema "Kata!", nikamwomba asiirudie.

Wembe wenyewe ulikuwa butu kwa usalama wa mtoto, kwa hiyo haukutoa sauti yoyote. Tulipomaliza nikamkalisha dereva wetu, ambaye hakuwa amenyoa ndevu siku kadhaa, akajinyoa kavu mbele ya maiki yangu huku akitukana kimoyomoyo. Mkwaruzo huo ndio mtakaousikia kwenye filamu. Kisha nikawanyamazisha watu wote dakika nzima nirekodi ua ukiwa mtupu, maana mhariri akikosa ukimya wa mahali penyewe hana cha kuzibia mapengo.

Saa 8 mchana. Wali na sato. Watoto wamelala kwenye mkeka, na hakuna anayethubutu kuwaamsha.

Saa 9 na nusu. Upepo wa ziwani umeanza na mabati yanagonga. Naivika maiki manyoya yake ya kuzuia upepo, na bado tunasubiri.

Inafuata shoti ya bibi mzaa mama, aliyetoka kijijini kumchukua mdogo. Hoja yake ni mahari: ng'ombe hawakukamilika, na kwa mila ya Kisukuma mahari isipolipwa watoto ni wa upande wa mama. Skripti inamtaka bibi afoke na kumnyooshea mkwewe kidole. Mama anayeigiza nafasi hiyo akaisoma, akaikunja. "Mwanangu," akamwambia mwongozaji, "mimi nimefiwa na binti hapa. Nguvu za kufoka nizitoe wapi?" Akayasema maneno yale yale akiwa ameketi, akichambua mchele, bila kumtazama mkwe. Ikabidi nisogeze maiki karibu kabisa na ungo. Ilikuwa bora mara kumi kuliko ilivyoandikwa, na mwongozaji, tumpe haki yake, akaibakiza.

Filamu zetu nyingi zikishampa mwanaume msiba, katikati humletea mama wa kambo mwenye roho mbaya. Hii inamwacha na sufuria na sare za shule mpaka mwisho. Kuna watakaoiona inakwenda taratibu. Sawa.

Saa 12 jioni. Jua litazama kama saa moja kasoro, kwa hiyo tunakimbizana na mwanga: watoto wanamsindikiza baba ufukoni. Shoti mbili, basi. Taa zikiwashwa tu, wadudu wa ziwani wanazivamia, na mmoja anaingia kinywani mwa kaka mtu katikati ya sentensi. Kicheko.

Saa 3 usiku. Nyumbani. Nahamishia sauti kwenye diski mbili, naweka betri kwenye chaji. Ujumbe wa mwongozaji unaingia: anafikiria kuweka kinanda kwenye shoti ya kunyoa. Namjibu kwamba akiweka kinanda, ile pumzi haitasikika. Anaandika, "Tutaongea kesho, kaka." Namtumia kipande chenyewe, sekunde ishirini, bila maelezo.