Kumbukumbu ya mradi wa mabeberu, Nakasongola, Uganda: mwezi wa tatu wa vipimo

Mabeberu, yaani mbuzi dume, ni wawili: wa Mubende (mbuzi wa kienyeji wa Uganda), na chotara wa Boer (mbuzi wa nyama wa Afrika Kusini). Kinachofuatiliwa ni kwa nini beberu hulegea kiangazi hata asimsumbue jike aliye kwenye joto.

Ulaya jibu ni mwanga. Usiku ukirefuka melatonini, homoni ya gizani, huongezeka, ubongo ukaruhusu homoni ya LH inayoziamsha korodani, nazo zikatoa testosteroni, homoni ya kiume, kwa wingi. Uganda ikweta inapita ndani ya nchi, siku ndefu na siku fupi zinapishana dakika chache tu. Kinachobadilika hapa ni malisho, maji na jua. Beberu akikonda LH hushuka, testosteroni hufuata, mbegu hupungua. Jua kali nalo huumiza, maana korodani zinatakiwa ziwe baridi kuliko mwili kwa nyuzi 4 au 5.

Damu hatupimi. Testosteroni hutoka kwa mikupuo, kwa hiyo beberu yuleyule asubuhi husoma juu, na saa chache baadaye chini. Sampuli moja ni kupoteza pesa bure. Tunapima mzunguko wa mfuko wa korodani kwa futi ya fundi cherehani, kila baada ya wiki mbili, saa 4 asubuhi. Mapema zaidi baridi huukunja mfuko. Shika shingo ya mfuko kwa juu, sukuma korodani zote mbili chini taratibu, zungusha futi sehemu nene kuliko zote. Kidole gumba kisiingie kati ya korodani: zikiachana, futi inasoma kubwa kuliko ukweli. Kosa hili liliharibu vipimo vya mwanzo, tukavifuta.

Wa Mubende alisoma sentimita 25.5 mwanzoni mwa Desemba; sasa, mwisho wa Februari, ni 24. Nyuma ya pembe, ngozi iliyokuwa na mafuta yenye harufu inayong'ang'ania vidoleni imekauka. Tezi hizo huendeshwa na testosteroni, kwa hiyo pua nayo ni kipimo kizuri tu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mbegu huchukua siku kama 48 kutengenezwa, kisha karibu wiki mbili kukomaa, jumla siku kama 60. Ukianza kumlisha vizuri wiki moja kabla ya kupandisha umechelewa. Mimba ni siku 150: vitoto vizaliwe Machi mvua zikianza, majike yapandwe Oktoba, na beberu aanze kulishwa tangu mwanzo wa Agosti, wakati malisho ni makavu.

Kwa beberu wa kilo 40: chakula kikavu kilo 1.2 hadi 1.6 kwa siku, ndani yake pumba za mahindi gramu 300, majani ya kaliandra (mti wa malisho) au matembele, jiwe la chumvi, maji muda wote, kivuli kuanzia saa 5. Mashudu ya pamba tumeyaacha, yana gosipoli, sumu ya mbegu za pamba inayoharibu mbegu za beberu. Pumba zisizidi: zina fosforasi nyingi, na beberu hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Akisimama anajikamua na mkojo hautoki, usisubiri kesho, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Homa au nagana (ugonjwa wa mbung'o) ikimpata katikati ya siku hizo 60, hesabu inaanza upya tangu siku aliyopona. Kwa sababu hiyo chotara wa Boer amewekwa akiba.