Sentimita 115 za darini: nyumba ya magurudumu ya watu wanne

Leo mawazo yangu yamekwama kwenye sentimita 115. Nachora nyumba ndogo ya familia inayojengwa juu ya trela na kuvutwa na gari, na hicho ndicho kimo kinachobaki darini, kwenye jukwaa la chini ya paa ambapo baba na mama watalala, ukishatoa kila kinachodaiwa na barabara za Marekani na mbao zenyewe. Majimbo mengi huko yanaruhusu kuvuta mzigo wenye kimo cha futi 13 na nusu, yaani mita 4.11 kutoka kwenye lami, bila kibali maalumu. Sakafu ya trela iko karibu sentimita 60 juu ya lami. Plaiwudi na sakafu ya juu yake zinakula 5, paa na vihami joto vyake 20. Umebakiwa na mita 3.26. Chini ya dari unataka mita 1.95 ili mtu asimame wima akipika au akioga, na mbao za dari zina unene wa sentimita 11. Zimebaki 120. Tano usiziguse, maana hakuna paa linalotoka sawasawa na mchoro, na daraja la chini halina msamaha.

Ukitandika godoro la sentimita 15, kutoka juu ya godoro hadi paa panabaki mita moja kamili, ya mtu kukaa kitandani. Hapo mtu anasoma, anakunywa chai, anamnyonyesha mtoto. Kuvaa suruali ni kwa kulala chali. Lile godoro nene la sentimita 25 linaloonekana zuri dukani linaondoa hata hicho kidogo, na wanaolinunua wanaishia kulilaumu dari.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Kanuni za ujenzi za Marekani zina kiambatisho cha nyumba ndogo, kilichoingia kwenye toleo la 2018 kwa herufi Q, kinachosema kizuizi cha ukingoni mwa dari kiwe na kimo cha inchi 36, au nusu ya kimo kilichopo hadi paa, kile kilicho kifupi zaidi. Kwa dari letu nusu ni sentimita 58 hivi. Ila kipimo kinaanzia kwenye sakafu ya dari, na mtu halali kwenye sakafu. Toa godoro, umebakiwa na 43, na mtoto mchanga aliyejifunza kusimama anakivuka. Mimi ningepandisha hadi 75, kwa fito za wima zisizopitisha kitu cha sentimita 10 katikati yake, na za wima tu. Fito za mlalo ni ngazi kwa mtoto.

Nani alale wapi ndilo swali ninalotaka lijibiwe kabla ya rangi, kabla ya jiko, kabla ya chochote. Michoro mingi inapeleka watoto juu, wazazi wanabaki chini kwenye kochi la kukunjua. Napinga. Joto hupanda, kwa hiyo mwezi wa Julai, kiangazi cha huko, darini ndiko kunakochemka. Mtoto mwenye homa au anayetaka kukojoa saa nane za usiku atashuka akiwa nusu usingizini. Na kochi linalohitaji kukunjuliwa kila usiku lina tabia ya kubaki limekunjuliwa mchana kutwa, na sebule imekwisha.

Basi watoto chini, kwenye vitanda vya dabodeka upande wa nyuma wa trela ya futi 28, yaani mita 8.5. Upana unaoruhusiwa kwa nje ni mita 2.59, kuta zikishachukua chao unabaki na 2.3 hivi. Kitanda cha sentimita 75 kwa 180 kikilala kukatiza nyumba, kinaacha nusu mita ya kabati mwishoni. Kwa kuwa juu ya watoto hakuna dari, paa lote ni lao: cha chini kiwe sentimita 35 kutoka sakafuni na droo chini yake, cha juu mita 1.40, na bado wa juu anakaa wima bila kugonga kichwa. Kila mtoto apate pazia lake, taa yake ndogo, soketi ya kuchajia, na rafu ya vitu ambavyo mdogo wake hagusi. Katika nyumba ya mita za mraba 19, pazia ndiyo faragha yote iliyopo. Weka zito, si lile la wavu.

Wazazi wapande kwa ngazi za kudumu zenye droo. Ngazi ya kuegemeza inaokoa nafasi na uzito, nakubali, lakini jaribu kushuka nayo gizani ukiwa umebeba mtoto.

Tukishajua nani analala wapi, uzito unakuja na kupanga upya kila kitu. Nyumba za namna hii mara nyingi hufika kilo 600 hadi 750 kwa kila mita ya urefu, trela ikiwemo. Kwa mita 8.5 unazungumzia tani 5 hadi 6 na nusu kabla ya vitabu, nguo za baridi na mchele. Ekseli mbili za ratili 7,000 kila moja zinabeba kilo 6,350 tu kwa jumla. Mwenye familia achukue ekseli tatu tangu mwanzo, kila moja ikiwa na breki za umeme, maana kuongeza ekseli chini ya nyumba iliyokamilika ni kazi ambayo fundi atakutoza kwa hasira.

Uzito unaokaa kwenye ulimi wa trela, pale inapoungana na gari, uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ukipungua hapo, nyumba inaanza kutikisa mkia barabarani, na kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa mkia huo unaweza kulivuta gari nje ya njia. Ndiyo maana watoto wako nyuma: vitanda na nguo ni vyepesi. Bafu, ngazi na dari la wazazi vikae mbele. Jiko, friji na tangi la maji juu ya ekseli. Tangi la lita 150 ni kilo 150, na likiwa nyuma kabisa linanyanyua ulimi peke yake. Angalia kushoto na kulia pia. Makabati, friji na ngazi vikipangwa ukuta mmoja, kwa sababu mchorani vinapendeza hivyo, nyumba inainama na tairi za upande huo zinaisha mapema.

Kupima si kazi. Nenda kwenye mizani ya malori: pima ekseli za trela ikiwa imeungwa na gari, kisha ifungue na upime trela nzima. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa ulimi. Fanya hivyo kuta zikiwa zimesimama na paa limeezekwa, kabla ya makabati, wakati bado unaweza kuhamisha kitu.

Kuta zenyewe ziungwe kwa skrubu na gundi. Misumari mitupu hulegea, kwa sababu nyumba inayovutwa inapigwa na upepo wa dhoruba na kutikiswa kama tetemeko kwa saa nzima mfululizo. Mbao za chini za ukuta zifungwe kwenye chuma cha trela kwa boliti za milimita 12 kila baada ya mita moja hivi, na pembe zote nne ziwe na vishikio vya chuma.

Halafu unyevu, ambao kwa maoni yangu ndio unaowatoa watu kwenye nyumba hizi kuliko ufinyu. Watu wanne wakipumua, kuoga, kupika na kuanika nguo ndani wanatoa lita kadhaa za maji hewani kila siku. Jiko la gesi linaongeza: kilo moja ya propani ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Kwetu, ambao maharage yanachemka asubuhi nzima, hilo si jambo dogo. Mvuke unatafuta mahali pa baridi, yaani vioo, pembe za ukuta, na chini ya godoro la darini. Usipoliangalia hilo godoro majira ya baridi, unalinyanyua mwezi wa Machi ukute ukungu mweusi umechora umbo la mtu.

Dawa yake: godoro likae juu ya chaga zenye nafasi, hewa ipite chini. Feni ya bafuni ya mita za ujazo 85 kwa saa inabadilisha hewa yote ya nyumba hii, ambayo ni karibu mita za ujazo 55, ndani ya dakika 40. Lakini feni haitoi hewa isiyo na pa kuingilia. Acha tundu la hewa upande wa pili wa nyumba, la sivyo inavuta kupitia bomba la moshi na kukurudishia sumu ndani. Hita ya gesi isiyo na bomba la nje isiingie kabisa. Pampu ya joto ndogo, yaani kiyoyozi kinachopasha joto pia, ya BTU 9,000 inatosha, na kile kipande chake cha nje kinakaa vizuri juu ya ulimi.

Umeme, kwa kifupi. Waya wa ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600, na kwa matumizi ya muda mrefu hesabu asilimia 80, yaani 2,880. Hita ya wati 1,500 na birika la 1,500 tayari vimeupita mstari. Familia iombe ampea 50.

Choo cha mboji kinachotenga mkojo ni kizuri kwa mtu mmoja. Watu wanne wanajaza chombo cha mkojo cha lita 8 kwa siku moja na nusu. Kama utapata mahali pa kuunga bomba la maji machafu, unga. Mahali penyewe pa kuiweka nyumba ulizia kabla ya kununua trela. Fresno, California, iliruhusu nyumba za magurudumu kama makazi ya uani mwaka 2016, lakini miji mingi bado inaziona kama magari ya mapumziko.

Baraza la kukalia ukutani, la mita 2 kwa sentimita 60, lenye kifuniko na makasha chini, linabeba wageni wanne na nguo za msimu. Sikukuu ya Idi wageni wengine watakaa nje kwenye mkeka, na hiyo si kasoro ya mchoro.

Mwisho ni njia za kutokea, ambazo watu huzichora zikiwa zimebaki siku chache. Kengele ya moshi darini na karibu na watoto, kengele ya monoksidi ya kaboni pia, na kitambua gesi kiwekwe karibu na sakafu kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa. Darini pawe na dirisha la paa linalopitisha mtu: upana usiopungua inchi 20, kimo inchi 24, na uwazi wote mita za mraba 0.53, ambazo hazipatikani ukichukua vipimo vyote viwili vya chini kabisa. Dirisha la watoto liwe hivyohivyo, na kitasa chake kijaribiwe na mtoto mwenyewe taa zikiwa zimezimwa. Kikimshinda, badilisha kitasa.