Chini ya Mretemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome 1 Wafalme 19:1–8, polepole, hasa ule mstari wa nne.

Nabii Eliya yuko chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, anaomba afe. Sababu anayoitoa ndiyo iliyonisimamisha: "kwa kuwa mimi si mwema kuliko baba zangu." Hamtaji malkia Yezebeli, ingawa ndiye anayemwinda. Hataji dhambi yoyote. Amejipima na baba zake, akajiona hafai. Nimefundisha vijana wa kipaimara miaka kadhaa, na maneno kama hayo huyasikia kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Nyumbani kijana ameshaulizwa: "Kwani waliofaulu wana vichwa viwili?"

Hatia ina kitendo. Nimemtukana dada, nimechukua hela ya mama. Kitendo kinaungamwa, hela inarudishwa, mtu anapumua. Aibu haishiki kitendo, inamshika mtu mwenyewe: mimi sifai. Sasa huyo ataungama nini? Wanasaikolojia, June Price Tangney wa Marekani akiwa mmoja wao, wameona kwamba aibu ndiyo inayoandamana zaidi na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko hatia inayojua kosa lake. Na mwenye aibu hujificha. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, peke yake.

Huruma nayo tuiangalie vizuri. Paulo anatuagiza tulie pamoja nao waliao, na ni agizo jema. Lakini yupo mtoto anayelia kilio cha nyumba nzima. Mama akigombana na baba usiku, yeye ndiye asiyelala, na asubuhi anaamini kwamba yeye ndiye chanzo. Mwanasaikolojia Carolyn Zahn-Waxler na wenzake walichunguza watoto wa akina mama wenye sonona, wakaona jinsi hatia inavyoweza kupinda ndani ya mtoto wa namna hiyo, akabeba lawama isiyo yake. Sisi watu wazima tunasema, "Huyu ana moyo wa utumishi," kisha tunamwongezea zamu ya kufagia kanisa.

Nilikuwa na binti wa aina hiyo darasani (ameniruhusu niseme). Alianza kuacha chakula, akawa anasinzia kwenye mazoezi ya kwaya, akaacha kukaa na wenzake. Nikamwambia afunge siku tatu na kutubu. Kutubu nini, sikumwambia, maana hata mimi sikujua.

Malaika alimwambia Eliya, "Inuka, ule." Mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Eliya anakula, anajilaza tena, na hakuna anayemkemea kwa imani haba. Malaika anarudi mara ya pili, chakula kilekile, na safari hii anakiri kwamba mwendo ni mkubwa mno kwake. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baada ya siku arobaini, kule kwenye mlima Horebu.

Wazazi, huzuni ikimkaa kijana wiki mbili, karibu kila siku, asifurahie hata alichokipenda, msiiite kisirani cha ujana wala pepo la uvivu. Mpelekeni hospitali. Akitaja kufa, msingoje hizo wiki mbili, wala msimwache peke yake. Maombi yaendelee hukohuko njiani.

Binti yule alipelekwa na shangazi yake, si mimi. Nilipojua, nilikwenda kumwomba msamaha. Kosa langu lilikuwa na jina, kwa hiyo niliweza kulitamka. Jumamosi iliyopita alikuja kwetu, akala sahani mbili za wali kwa maharage, akapitiwa na usingizi kwenye kochi mpaka saa kumi na moja jioni. Hatukumwamsha.