Jinsi nilivyokomesha ukungu kwenye kioo cha bafuni

Kila nilipomaliza kuoga maji ya moto, kioo cha bafuni kilikuwa kimefunikwa na ukungu mzito kiasi kwamba kunyoa ndevu kulikuwa kazi ya kubahatisha. Nilikifuta kwa taulo, kikabaki na michirizi. Nikakipaka sabuni, ikasaidia siku chache tu.

Hatimaye nilinunua pedi nyembamba ya kupashia kioo joto, na fundi umeme akaiunganisha na swichi ya taa. Ukungu haukuondoka, kwa kuwa pedi ilikuwa imebandikwa ukutani na joto lilikuwa linapotelea kwenye vigae. Tulizima umeme, tukakishusha kioo, tukafuta vumbi mgongoni mwake, kisha tukaibandika pedi kwenye kioo chenyewe, tukiisugua kwa kiganja kutoka katikati kuelekea pembeni ili kisibaki hata kiputo kimoja cha hewa.

Mvuke hugeuka matone unapokutana na kitu baridi, kwa hiyo kioo hakihitaji kuwa cha moto, uvuguvugu unatosha. Sasa ninawasha taa dakika chache kabla ya kufungua maji, na sehemu iliyo mbele ya pedi hubaki safi, ingawa kingo bado hushika ukungu, jambo ambalo halinisumbui.