Kiongozi yuko upande gani wa geti?

Jumapili, usiku

Mei Mosi imepita. Fulana na kofia za vyama vya wafanyakazi zitaonekana mitaani mwezi mzima, na waliotajwa kuwa wafanyakazi bora wamerudi makwao na majokofu na bahasha. Nawapongeza kwa dhati. Ila hapa mtaani kwetu, Vingunguti, wengi wanaoishi kwa kazi ya viwandani hawakwenda uwanjani. Kibarua asiyeingia kazini halipwi, iwe sikukuu au isiwe.

Juzi jioni alikuja kijana mmoja wa jirani, niliyewahi kumfundisha. Mwalimu wa sekondari mtaani huwa ni mwandishi wa barua pia. Watu huja na karatasi zao, nami sijawahi kuona sababu ya kukataa. Alinipa shikamoo, akakaa kwenye ukingo wa kiti, mkono wa kushoto ameuficha chini ya paja. Nilipomuuliza habari za kazi ndipo akautoa. Vidole viwili vya mwisho havipo. Mashine ya kusaga plastiki ilivichukua mwezi wa pili, saa tisa usiku, katika kiwanda alichokitumikia kwa zaidi ya miaka mitatu.

Nikamwambia habari ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015, na kwamba mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi jina langu liko kwenye daftari la supavaiza. Ofisini hawanijui."

Daftari lenyewe amenieleza lilivyo. Ni la shule, kurasa 96, jalada la bluu. Kila alfajiri supavaiza husimama ndani ya geti nalo mkononi akisoma majina, na wanaosomwa huingia. Jioni wanaweka saini au dole gumba, wanapewa hela yao. Daftari likijaa linatupwa, linafunguliwa jipya, na kibarua wa miaka mitatu anaanza tena kuwa mgeni. Alipoumia alipewa nauli ya bodaboda hadi hospitali na hela kidogo ya dawa. Jeraha lilipopona akarudi getini. Jina lake halikusomwa. Kesho yake halikusomwa. Hakuna aliyemwambia amefukuzwa kazi.

Hapo ndipo kalamu ilipokwama. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fomu inataka tarehe ya kuachishwa. Tuandike tarehe gani kwa mtu ambaye jina lake halikusomwa tu? Tumeandika ile asubuhi ya kwanza aliporudi. Kwa bahati siku hazijaisha. Mkono wake usioumia ulikuwa ukitetemeka wakati wa kusaini, kwa sababu ndugu yake bado yumo kwenye daftari lilelile.

Sitaki mtu aniambie sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ilipopitishwa ilisema mkataba wa muda maalumu ni wa wataalamu na mameneja. Wengine waajiriwe kwa muda usio na ukomo, au kwa kazi mahususi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inampa afisa kazi mamlaka ya kuingia mahali pa kazi bila kubisha hodi. Akiingia siku moja na kulishika lile daftari, amemaliza uchunguzi. Kwa nini haingii? Wapo wachache, ndiyo, na magari hawana. Lakini kuna jambo jingine ambalo kila mtu mtaani analijua na huwa linasemwa kwa sauti ya chini: kabla ya kugonga geti, afisa hujiuliza kwanza kiwanda ni cha nani, na mwenye kiwanda anakaa meza moja na nani.

Kwa ajili hiyo nimekuwa nikiliwaza Azimio la Arusha, sehemu ya tano, masharti ya uongozi. Wanafunzi wangu huyakariri kwa ajili ya mtihani. Kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya watu binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na mkewe alihesabiwa humohumo. Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, miezi michache baada ya Mwalimu Nyerere kuwafukuza wanafunzi wa chuo kikuu walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na papo hapo kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Tumezoea kuyasoma masharti yale kama kinga ya wizi. Nadhani yalilenga mbali zaidi. Mwenye hisa hajaiba kitu. Amenunua kwa pesa yake. Lakini siku kibarua aliyekatwa vidole anapofika mbele yake na malalamiko, yeye tayari ana upande. Kila shilingi inayokwenda kwenye fidia imetoka kwenye gawio lake. Waliotunga masharti yale walijua kwamba hata mtu mwema hapaswi kuwekwa katika hali hiyo.

Miaka minne baadaye ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, na ibara yake ya 15 ikampiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliielewa haraka kuliko mameneja. Walianza kuitaja kwa namba. Viwandani watu waligoma wakidai kwamba meneja amewatukana, kwamba amewadharau, na ushahidi wao ulikuwa ibara ya 15. Juni 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakishika kiwanda chenyewe. Haikuisha vizuri: kwingine walikojaribu kufuata mfano huo polisi waliitwa, watu wakakamatwa. Nalisema hili kwa sababu sipendi enzi zile zipakwe rangi nzuri tu. Chama kiliwapa wafanyakazi maneno, kisha serikali ikashtuka walipoyatumia. Hata hivyo maneno walikuwa nayo. Kijana wangu wa juzi hana ibara ya kuitaja.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kuyalegeza masharti. Mwanachama aruhusiwe mshahara wa pili, nyumba ya kupangisha, hisa. Naelewa hali ilivyokuwa: mishahara haikutosha hata wiki, na walimu walikuwa wakiuza maandazi. Nisingemlaumu mwalimu wala karani aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya karani ulipitiwa na waziri pia, na mpaka leo sijaona kwa nini wote wawili walihitaji mlango mmoja.

Aliyekuwa Rais wakati huo ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, na ni yeye huyohuyo ninayemtolea mfano kila mwaka darasani ninapofundisha uwajibikaji. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani pale polisi walipowatesa watu na wengine wakafa mikononi mwao, huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Hakuwako. Mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa waliofanya hayo walikuwa chini ya wizara yake. Kwangu heshima ya tendo lile haijapungua kwa lolote lililokuja baadaye.

Nalipeleka tendo hilo kiwandani na linanisumbua. Kidole cha mfanyakazi kinapokatwa na mashine isiyo na kinga, anayeondolewa ni nani? Pengine fundi wa zamu, na mara nyingi ni aliyeumia. Sijawahi kusikia mkurugenzi amesimama mbele ya wafanyakazi akasema mashine ile ilikuwa chini yangu, nilikataa kununua kinga kwa sababu ya bei, naondoka. Na bungeni hakuna anayemtarajia afanye hivyo, hata pale mbunge anapotembelea kiwanda, anavalishwa kofia ngumu, anapigwa picha na kusifu ajira zilizoletwa jimboni. Ningependa siku moja mbunge aombe kuliona daftari.

Kuhusu mshahara nitasema kidogo tu. Kima cha chini cha viwandani kiliwekwa 2013 kuwa shilingi 115,000 kwa mwezi. Hakikuguswa mpaka amri iliyoanza Januari 2023, kikawa 150,000. Miaka tisa na nusu unga, nauli na kodi ya chumba vikipanda. Kiliachwa tu.

Tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya 1995. Kiongozi hutoa tamko la mali na madeni yake anapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Anataja nyumba, mashamba, magari, hisa, na mali za mwenzi wake na watoto wake wadogo. Ni jambo jema. Lakini fomu inauliza ana nini, haiulizi waliomchumia wanaishije.

Mimi ningeongeza ukurasa mmoja. Kiongozi mwenye kampuni, kiwanda, shule, mabasi au shamba, awe na sehemu kubwa au ndogo, aandike ana wafanyakazi wangapi, wangapi wana mikataba iliyosainiwa, wangapi anawachangia NSSF na mwezi wa mwisho kuchangia ni upi, wangapi waliumia mwaka ule na walilipwa nini na nani. Ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, pale panapobandikwa majina ya wapiga kura, ili kibarua aweze kuusoma akiwa anapita kwenda getini na kuona kama yeye yumo kwenye hesabu.

Wagombea watakapopita tena mtaani kuomba kura, hilo ndilo nitakalowauliza, na nimewaambia wazazi wenzangu wa mtaa waulize hivyohivyo.