Kimya cha Tumbo la Shaba

Jana mwanangu alichomoa stethoskopu kwenye droo ya jikoni, akaitia masikioni na kuniuliza, "Mama, kwani hapa nyumbani nani daktari?" Nikamjibu kuwa ni ya Shaba, farasi wetu. Usiku Shaba alipougua, mwanangu alikuwa bado hajazaliwa.

Miaka mitatu ya masomo ya kupanda farasi kule Karen, Nairobi, ilinifundisha mchakamchaka, shoti na kuruka vizuizi. Kila Jumamosi nilimkuta farasi amepigwa brashi, kwato zimechokolewa, mshipi wa tandiko umekazwa. Nikishuka, saisi, yaani mtunza farasi, anampokea. Amekula nini, amekunywa kiasi gani, hayo hayakuwa yangu. Halafu nikamnunua Shaba, aliyestaafu mbio za farasi za Ngong, kilo 450 hivi, akaletwa kwa lori Jumanne.

Alhamisi saa tatu usiku nilimkuta hajagusa nyasi. Anaparura sakafu kwa mguu wa mbele, anageuza kichwa kuangalia ubavu, anakunja mdomo wa juu. Nikampigia simu yule saisi mzee.

"Kuna mavi bandani?"

"Ya mchana tu, mzee, tena makavu."

"Toa chakula chote, maji yabaki. Mwite daktari sasa hivi. Dawa ya maumivu usimpe wewe, itaficha ugonjwa. Halafu mwekee sikio tumboni."

Nikasimama karibu na bega, mbali na miguu ya nyuma, kisha nikainama na kubandika sikio kwenye bonde lililo mbele ya nyonga, upande wa kulia. Manyoya yalikuwa yameloa jasho. Mahali pale, kila baada ya dakika moja hivi, husikika mngurumo kama maji yanayoteremka bombani. Nikahesabu dakika mbili. Kimya. Nikahamia kushoto, juu, kisha chini. Mlio mmoja mwembamba, halafu kimya tena. Wala sikujua kama kimya kile ni ugonjwa au ndivyo Shaba alivyo, kwa kuwa sikuwahi kusikiliza tumbo la farasi mzima hata siku moja. Miaka mitatu nilikuwa nimeketi juu ya matumbo yale.

Daktari alihesabu mapigo ya moyo 56 kwa dakika. Farasi aliyetulia huwa na 28 hadi 44. Alimchoma sindano, akapitisha mpira puani hadi tumboni, maana farasi hawezi kutapika na tumbo likijaa laweza kupasuka. Hakukuwa na shinikizo, basi akapampu maji na mafuta ya kulainisha. Saa saba usiku alinivisha stethoskopu yake. Maji yalikuwa yanateremka.

Alisema mavi makavu yaliziba utumbo mpana pale unapopinda na kuwa mwembamba. Huenda ni mimi niliyebadilisha lishe yote kwa siku moja, badala ya kuchanganya robo kwa robo kwa siku saba hadi kumi. Huenda ni ndoo mpya ya plastiki, ambayo alikuwa akiikwepa: farasi wa kilo zake huhitaji lita 25 au zaidi kwa siku, na nilikuwa sijapima alichokunywa. Hadi leo sijapata jibu.

Mwanangu anataka kuanza masomo Januari. Jana jioni nilimpeleka kwa Shaba, nikaiweka stethoskopu ubavuni kulia, juu, nikamwambia ahesabu dakika nzima.