Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Amonia

Saa 11 alfajiri

Kabla sijawasha jiko natoka uani kutazama kanga zilizoanikwa tangu jana. Zinapepea kuelekea kwa jirani yetu wa kaskazini. Ni Agosti, kusi bado inavuma. Nina miaka tisa zimamoto hapa Dar es Salaam, na kila ninapoamka nataka kwanza kujua upepo unatoka wapi. Mume wangu alishazoea. Siku nyingine ananiambia mwenyewe kabla sijauliza.

Saa 2 asubuhi

Makabidhiano ya zamu. Tunaanza na mitungi ya hewa. Uliojaa unasoma bar 300 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), ukishuka chini ya 270 naurudisha kwenye kompresa. Kwa hesabu za karatasini mtungi mmoja unafika dakika arobaini na ushee. Mtu aliyevaa suti ya kemikali kwenye joto la Dar, anayehema kwa kazi nzito, simpi zaidi ya dakika ishirini ndani. Hewa inayobaki ni ya kutokea na ya kuoshwa. Kuoshwa huko watu wengi hawakujui: huvui barakoa mpaka umemwagiwa maji kuanzia kichwani hadi kwenye nyayo za buti, kwa sababu sumu uliyoifuata ndani imekaa juu ya suti yako.

Suti nazo nazikagua mshono kwa mshono. Zipu naipaka nta, glovu naigeuza vidole nje ndani. Kidole kimoja kikipasuka, suti nzima ni koti la mvua.

Saa 4 asubuhi

Nina vijana wawili waliomaliza mafunzo juzijuzi. Nawachorea ubaoni kile kibao cha rangi ya chungwa kinachofungwa kwenye malori ya mizigo ya hatari. Namba ya chini inataja mzigo, ya juu inataja hatari yake. 33 juu ya 1203 ni petroli. Tatu ni kimiminika kinachowaka, na ikirudiwa ujue kinashika moto upesi zaidi. 80 juu ya 1830 ni asidi ya salfuriki, ambayo ukiimwagia maji ovyo inachemka na kukurukia. 1689 ni sianidi ya sodiamu, sumu kali inayotumika kwenye migodi ya dhahabu. Ukikuta herufi X mbele ya namba ya juu, weka maji mbali. Malori ya salfa yanatoka bandarini hapa kwenda migodi ya shaba ya Zambia na Kongo. Salfa ikiungua, moshi wake unakaba koo kabla hata hujauona vizuri.

Mmoja wa vijana akauliza namba zote hizi ni za nini, na moto ni moto tu.

Nikamwambia habari ya Msamvu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Morogoro, watu wakalikimbilia na madumu. Waliokufa walipita 100. Sachang'wan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009, ilikuwa hivyohivyo, nako walipita 100. Sange, mashariki ya Kongo, tarehe 2 Julai 2010, walizidi 200. Wale watu siwalaumu hata kidogo. Dumu moja la petroli ni ada ya mtoto, au kodi ya mwezi. Ninachokiogopa ni siku ambayo aliyevaa sare naye atakimbia vilevile, bila kusoma kibao, bila kutazama upepo. Yule kijana alinyamaza. Sikujua kama ameelewa au amechoka kunisikiliza.

Saa 7 na dakika 40 mchana

Wali maharage umeshapakuliwa, simu ya 114 ikaita. Moshi mweupe kwenye kiwanda cha barafu, watu wanakohoa, macho yanawaka. Mwenzetu aliyepokea aliuliza harufu ikoje. "Kama choo cha stendi, ila inachoma." Na huo moshi unapaa au unatambaa? "Unatambaa."

"Amonia," akasema mkuu wetu wa zamu, sahani bado iko mkononi.

Viwanda vya barafu na vyumba vya baridi vya samaki vingi vinaendeshwa kwa amonia, kwa sababu inabeba joto vizuri sana. Inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Gesi yake ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo watu hudhani itapaa yenyewe ipotee. Lakini ikifyatuka kwenye bomba ikiwa kimiminika, inatoka na baridi kali, inashika unyevu wa hewa na kuwa ukungu mzito unaolala chini, kwenye usawa wa mtoto na wa mtu aliyeanguka.

Saa 8 kasoro dakika 5

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kwa macho ya mtu wa kawaida hapakuwa na lolote.

Barabara fupi ya kwenda kile kiwanda inaingilia upande wa kaskazini. Mkuu wa zamu akamwambia dereva azunguke, tuingilie kusini. Kuzunguka kunaongeza kama dakika sita. Watu walituona tunalipita tawi la barabara wanalotuonyesha kwa mikono, wakaanza kupiga kelele. Jiwe moja likagonga ubavu wa gari. Kijana wangu wa asubuhi alikuwa ameshika mpini wa mlango. "Afande, watu wanakufa kule!" Mkuu hakumjibu. Alimwonyesha kwa kidole jiko la mama lishe kando ya barabara. Moshi wa kuni zake ulikuwa umelala wote, unaelekea kaskazini. Ile barabara fupi ingetuingiza katikati ya ukungu, watu sita ambao bado hawajavaa barakoa, na baada ya hapo wa kuokolewa tungekuwa sisi.

Dakika sita za kupita huku unasikia watu wanalia ni ndefu. Sijawahi kuzizoea na sitaki kuzizoea. Ila tungezikata, sidhani kama ningekuwa naandika haya.

Saa 8 na dakika 5

Tunafika upepo ukiwa mgongoni. Utepe mita 100 kila upande kwa kuanzia. Askari polisi wawili wanahamisha nyumba za upande wa kaskazini, wanawaambia watu watembee kukatisha upepo, wasikimbie nao. Ukikimbia upande ambao upepo unakwenda, unakimbia pamoja na gesi.

Fundi wa mitambo alikuwa amekaa kwenye tairi la zamani, macho mekundu, sauti imekwisha. Nikamchuchumalia. "Kaka, nichoree." Akachora kwa kijiti mchangani: mlango, kompresa, tangi la kupokelea amonia, bomba lililopasuka, vali. Alizungushia ile vali duara mara tatu. Akanionyesha vidole, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, ukutani kushoto, urefu wa kifua. Mchoro huo ulinisaidia kuliko kifaa chochote tulichobeba. Nikamwomba pia aniambie umeme unakatiwa wapi, na ukakatwa nje kabisa. Amonia ikijaa chumba kilichofungwa kwa kiasi cha kutosha, cheche ya swichi inailipua.

Saa 8 na dakika 20

Tunaingia wawili. Wengine wawili wamevaa tayari, wamesimama mlangoni kutufuata tukianguka.

Ndani ya suti unasikia pumzi yako tu. Kioo kinashika ukungu kwa ndani, jasho linashuka machoni na huwezi kulifuta. Nje ya kioo ni weupe mtupu. Nilihesabu hatua huku mkono wa kushoto ukiburuta ukutani. Kumi na mbili, hakuna kitu. Kumi na tatu. Kumi na nne, nikagusa chuma. Mguu wa fundi ni mrefu kuliko wangu.

Vali ilikuwa imevaa barafu nene kama ile ya friji la zamani. Tuliishika wote wawili. Robo ya kwanza haikusogea. Glovu zikaanza kukakamaa kwa baridi, nikawa sizisikii ncha za vidole. Mwenzangu akagongagonga mpini kwa bisibisi mpaka barafu ikapukutika, ndipo ikazunguka. Mlio wa bomba ukashuka polepole, kama birika linaloepuliwa jikoni.

Nje wenzetu walikuwa wanapiga pazia la maji kwenye ukungu unaoelekea makazi, maana maji yanainywa amonia kwa wingi sana. Lakini dimbwi la kimiminika chenyewe hulimwagii maji. Ukilimwagia unalipasha joto na linafuka maradufu. Na yale maji yaliyokunywa amonia yanaua samaki, kwa hiyo vijana walikuwa wanaziba mfereji kwa viroba vya mchanga. Yule mwenye maswali ndiye aliyekuwa anabeba viwili viwili.

Nilitoka mtungi ukisoma bar 90.

Saa 9 alasiri

Nimeoshwa, nimevua, nimekunywa lita moja ya maji bila kupumua. Chini ya mwembe kuna watu kumi na moja, wengi akina mama waliokuja kununua barafu ya samaki. Mtu mwema amekimbilia dukani akarudi na katoni ya maziwa, anawagawia. Namheshimu kwa moyo wake, lakini ilibidi nimzuie. Maziwa hayaondoi amonia kwenye macho wala kwenye mapafu, na mtu anayehema kwa shida ukimnywesha anaweza kupaliwa. Dawa ni kumtoa kwenye gesi, kumvua nguo zilizolowa, na maji safi mengi machoni, dakika 15 kwenda juu, kope zikiwa wazi.

Kope zikiwa wazi, hapo ndipo penye taabu. Mama mmoja alikuwa ameyafumba kwa nguvu zote. Nikamlaza kichwa pajani kwangu, nikamfungua kwa vidole huku kijana akimimina kwa kopo. "Mama, nitazame mimi. Nitazame hivyohivyo." Alinishika mkono akaniachia alama za kucha ambazo bado ninazo. Baada ya muda akasema ananiona, nina kovu kwenye nyusi. Ni kweli ninalo. Wanne walipelekwa hospitali kwa ajili ya kifua.

Saa 11 jioni

Kipima gesi kinasoma chini ya sehemu 25 za amonia kwa kila sehemu milioni za hewa, kiwango ambacho mtu anaweza kufanya kazi. Ikifika 300 ni hatari ya papo hapo. Watu wanaruhusiwa kurudi, madirisha wazi. Wataalamu wa kemikali wanabaki na fundi mwingine na yale maji ya mferejini.

Saa 3 usiku

Wali umekuwa baridi, tumeula hivyohivyo. Suti zinaning'inia zimegeuzwa nje ndani. Kompresa inanguruma, mitungi inapanda kurudi 300.

Nilipopita chumba cha zamu nilimkuta yule kijana ameinamia kitabu cha namba, kidole juu ya 1017.

"Afande, klorini, ile gesi ya kusafishia maji, nayo tunaipigia pazia la maji?"

"Ukungu wake wa mbali, unaweza. Palipotoboka usipaguse kwa maji. Inageuka asidi na kula chuma, tundu linakua."

"Na inatambaa?"

"Ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu. Inaingia kwenye mitaro, inaingia mabondeni. Watu unawapandisha juu."

Akaitafuta kalamu, akageuza ukurasa, akauliza mitambo ya maji iliyo jirani yetu iko upande gani wa upepo.